Kabla hujailaumu bunduki, kagua pete za darubini

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Malindi na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sina mazoea ya kuandika barua, lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita na naona nikilinyamazia sitakuwa nimetenda haki. Ni hawa vijana wetu wanaoingia kwenye mchezo wa kulenga shabaha. Mtu anahangaikia cheti cha kumiliki silaha miezi, anatoa pesa nyingi kununua bunduki, anafunga darubini, ama skopu kama wenyewe wanavyoiita, halafu baada ya Jumamosi mbili tatu uwanjani anasema bunduki mbovu, anaiuza kwa hasara na mchezo anaacha. Na bunduki ya watu haina kosa lolote. Mara nyingi hata darubini haina kosa. Kosa ni vile ilivyofungwa.

Nasema hivi manake nimekuwa fundi wa silaha serikalini miaka 26 kabla ya kustaafu, na nimeshika bunduki nyingi zilizoletwa kwangu kwa jina la "mbovu". Zile zilizokuwa mbovu kweli zilikuwa chache sana. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, wazee walisema, na mlenga shabaha akikosa husingizia kasiba, yaani mtutu wa bunduki.

Sasa nieleze la wiki iliyopita. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi hoteli huko Watamu na yuko kwenye klabu ya shabaha mwaka wa pili huu. Akaja nyumbani jioni, shikamoo mjomba, marahaba, hata chai hakugusa, akaweka kasha mezani likiwa limefungwa kufuli yake, cheti mfukoni, akatoa karatasi ya shabaha akanikunjulia. Matundu 10 mita 50, yametawanyika kama mtama uliomwagiwa kuku. Nikapima na rula kutoka tundu la mbali hadi la mbali, sentimita 11. Akaniambia mjomba hii bunduki naiuza, nimeshapata mtu.

Nikamwambia ngoja kwanza. Nikatoa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani, nikakagua chemba inapokaa risasi kwa jicho na kwa kidole, mara mbili, hiyo ni desturi hata kama aliyekupa ni malaika. Halafu nikashika darubini kwa mkono mmoja na kitako kwa mkono wa pili nikaisukuma kidogo pembeni. Ikasogea! Yaani hukuweza kuona kwa macho lakini kidole kilihisi. Nikachukua alenki nikajaribu skrubu za pete, yale mabano ya duara yanayoshika darubini, mbili zikazunguka bila nguvu yoyote, nikafungua pete zote na kutoa besi, kile chuma ambacho pete zinakalia juu ya bunduki, na chini yake kulikuwa na mafuta ya kiwandani, yale mazito ya kuzuia kutu, hayajapanguswa. Skrubu moja ya besi ilikuwa imeingizwa upande ikala nyuzi zake, ile mizunguko inayoshika. Aliyemfungia ni duka lile lile lililomuuzia darubini, sitalitaja, nia yangu si kugombana na mtu, lakini walichukua pesa ya kufunga na kazi ile sikuona kama ilifanywa.

Watu wanadhani kulegea kidogo si kitu. Hebu tupige hesabu pamoja. Pete mbili za darubini ziko mbali kama sentimita 12 hivi. Pete moja ikihama kwa unene wa karatasi ya daftari, tuseme sehemu moja ya kumi ya milimita, basi pale mita 50 mahali unapolenga pamehama sentimita 4 na zaidi. Unene wa karatasi tu! Sasa kila risasi bunduki inapiga teke, hata ile ndogo ya .22, yaani ya risasi yenye upana wa inchi 0.22 hivi, ina teke lake dogo, darubini inasogea huku, inarudi kule, na wewe umelala pale chini umeshika pumzi unajilaumu, kumbe unalenga na kitu kinachotembea.

Kwa hivyo naomba nafasi nieleze kazi yenyewe inavyofanywa, mtu aifanye mwenyewe ama amsimamie fundi kwa macho.

Kwanza usafi. Pangusa mafuta yote kwenye mashimo ya skrubu, kwenye skrubu zenyewe, chini ya besi na juu ya bunduki pale inapokaa, tumia spiriti na kijiti chenye pamba mpaka pamba itoke nyeupe. Skrubu za besi weka tone moja la gundi ya nyuzi, ile ya rangi ya buluu inayoweza kufunguliwa tena, ile nyekundu usiiguse kabisa manake siku ya kufungua utahitaji moto. Bunduki nyingi za .22 hazina hata besi, zina mifereji miwili juu ya mwili wake, upana milimita 11, na pete zinang'ata hapo hapo. Hakikisha pete ulizonunua ni za mfereji huo, manake kuna za reli pana ambazo mtu hulazimisha na zinashika kwa ncha tu. Na kama ni reli yenye vijongoo vya kukata, yaani mifereji iliyokatwa kukingama, sukuma pete mbele mpaka iguse ukuta wa kijongoo ndo ukaze. Sababu ni hii, bunduki ikipiga inarudi nyuma kwa ghafla lakini darubini inataka kubaki pale pale ilipokuwa, ni kama abiria kwenye matatu inapoondoka kwa fujo, kwa hivyo kwa hesabu ya bunduki darubini inakwenda mbele. Ukiikuta imeshaegemea ukuta haina pa kwenda.

Darubini ikae chini iwezekanavyo bila kugusa kasiba na bila bolti kugonga mwisho wake. Mtu akiifunga juu sana inabidi anyanyue shavu kutoka kwenye kitako, na shavu likielea jicho linaelea, hapo kila risasi umelenga kwa jicho lililo mahali pengine.

Halafu umbali wa jicho. Darubini nyingi zinataka jicho liwe sentimita 9 hivi kutoka kioo cha nyuma. Weka ukuzaji wa mwisho kabisa, kama ni ya 3 hadi 9 weka 9, manake hapo ndo darubini inapokuwa na uchoyo zaidi wa mahali pa jicho. Pete ziwe zimelegea kidogo. Funga macho, pandisha bunduki begani vile unavyolala siku zote, weka shavu, fungua macho. Ukiona duara limejaa mwanga pote bila kivuli cheusi pembeni, hapo ndo penyewe. Ukiona kivuli, sogeza darubini, usisogeze shingo. Fanya hivyo ukiwa umelala ikiwa unapiga ukiwa umelala, usipime umesimama sebuleni halafu ukapige ukiwa chini, shingo hairefuki sawa. Kwa bunduki kubwa jambo hili si la usahihi peke yake, darubini iliyo karibu sana inachana nyusi, nimeona askari akishonwa.

Sasa kuna hili la kunyoosha msalaba wa ndani ya darubini, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo linalopuuzwa zaidi. Baba yangu alikuwa mwashi Lamu, amejenga na kukarabati kuta za mawe kwenye ule mji ambao mwaka wa 2001 UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia, na alichoniachia kikubwa ni timazi yake, kipande cha shaba chenye ncha na uzi. Timazi hiyo ndo natumia mpaka leo. Naitundika kwenye tawi la mkilifi nyuma ya nyumba, hatua 25, asubuhi kabla upepo haujaamka, bunduki naiweka juu ya vifuko vya mchanga, naweka pimamaji ndogo juu ya reli mpaka tone likae katikati, halafu naangalia ndani ya darubini na kuizungusha taratibu ndani ya pete mpaka ule mstari wa wima ulale juu ya uzi wa timazi, usionekane uzi tena. Hapo nakaza. Jicho peke yake linadanganya, mtu anaona msalaba umenyooka kumbe yeye ndo ameinamisha kichwa.

Kijana atauliza, ukiinama kidogo kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba ukiinama digrii 3, ambazo huzioni kwa jicho, basi kila ukipandisha risasi kwa mita 1 ili ufike mbali, risasi inakwenda pembeni sentimita 5. Mita 50 hutaona kitu. Ukienda mita 200 na .22 ndo utaanza kulaumu upepo, kumbe ni darubini imelala.

Kukaza sasa. Usikaze skrubu moja mpaka mwisho ndo uende nyingine, kaza kwa msalaba kama nati za gurudumu la gari, kidogo kidogo, na uangalie mwanya ulio kati ya pete ya juu na ya chini uwe sawa pande zote mbili. Nguvu yenyewe ni kama newton-mita 2 kwa skrubu za pete juu ya darubini, za besi zaidi kidogo, lakini soma karatasi ya mtengenezaji manake kila mmoja na kipimo chake. Hapa mkono haupimi. Kuna bisibisi maalum ya toki inayolia tiki ikifika kipimo, na nasema bila kusita hiyo bisibisi ina faida kuliko darubini ya bei kubwa. Vijana wengine wanakaza mpaka mishipa ya shingo inatoka, wanabonyeza mrija, halafu vidude vya ndani vinakwama na kliki, zile hatua za vifundo vya kurekebisha, hazifuati tena. Mrija wa darubini ni aluminiamu, sio nondo ya kujengea.

Ukimaliza toa bolti, weka bunduki kwenye vifuko, chungulia ndani ya kasiba kutoka nyuma mpaka uone bao la mita 25 katikati ya duara, bila kugusa bunduki zungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba uwe pale pale. Utakuwa ndani ya karatasi risasi ya kwanza, hutamaliza boksi zima ukitafuta.

Kliki nazo watu wanazungusha kwa kubahatisha. Darubini nyingi kila kliki ni robo ya dakika moja ya pembe, na dakika ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Dakika moja kwa mita 100 ni milimita 29, kwa hivyo kliki moja hapo ni milimita 7 na kitu, kwa mita 50 ni nusu yake, milimita 3.6. Mpwa wangu baada ya kufunga upya alipiga 5, zikaja chini sentimita 5 na kulia sentimita 2. Nikamwambia usizungushe bado, hesabu. Milimita 50 gawa kwa 3.6 ni kama kliki 14 juu, milimita 20 ni kliki 5 ama 6 kushoto. Akaweka 14 na 5, akapiga tano nyingine, zikaingia. Na usirekebishe kwa risasi moja hata siku moja, risasi moja haina ushahidi.

Jambo lingine dogo, kuna darubini zimetengenezwa za bunduki kubwa, hizo kiwandani wamezipangia yadi 100 ama zaidi, ukizitumia mita 50 msalaba unaelea juu ya shabaha jicho likisogea. Weka bunduki kwenye vifuko, usiiguse, sogeza kichwa juu na chini kidogo, ukiona msalaba unatembea juu ya karatasi ujue ndo hilo. Tafuta ya .22, zinapangiwa yadi 50 hivi, ama ile yenye kifundo cha kurekebisha pembeni.

Nikirudi kwa kuchagua bunduki yenyewe, manake nalo naulizwa kila mara hata msikitini nje. Habari za cheti nazipita haraka, kila bunduki ya raia ni lazima ipitie bodi ya leseni za silaha, ulizia huko kabla hujatoa hata shilingi ya arubuni, na vifaa vya kuongezea pia uliza. Uwindaji nchi hii ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo mtu asikudanganye kwa bunduki kubwa ya kuwindia eti itakufaa. Wewe unatoboa karatasi.

Anza na .22, ya bolti, risasi moja moja ama magazini ndogo. Naona wengi wanataka .308 manake wameona kwenye simu watu wakipiga mita 900. Bunduki kubwa inakufundisha kuogopa. Teke lake na mlio wake vinakufanya ufinye macho kabla ya kuvuta, ukishapata tabia hiyo kuiondoa ni miaka. Na risasi zake bei yake ni mbali sana na za .22, utapiga 20 kwa mwezi badala ya 200, sasa utajifunza lini? Kwenye Olimpiki penyewe bunduki ya mita 50 ni .22, ile 10 ya katikati ina upana wa milimita 10.4, kubwa kidogo kuliko punje ya mbaazi, na ile ya upepo ya mita 10 kumi yake ni nukta ya nusu milimita. Na huko darubini hairuhusiwi kabisa, wanalenga kwa tundu dogo la nyuma na duara la mbele. Kwa hivyo kijana mwenye macho mazuri na ndoto ya kuvaa bendera ajifunze na tundu pia, asiitegemee darubini peke yake.

Sisi wenye macho ya uzee tuna mahali petu. Kuna mzee wa Kanada, George Farquharson, macho na mikono vilipoanza kumchoka hakuacha mchezo, aliomba waruhusiwe darubini na kiegemeo cha mbele, ndo ukazaliwa mchezo unaoitwa F-Class, ile F ni ya jina lake. Sasa unapigwa nchi nyingi. Hilo lilinitia moyo sana nilipolisikia.

Ukienda kuangalia bunduki ya kununua usianze na mbao ilivyong'aa. Angalia mdomo wa kasiba. Chukua pamba kidogo uizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani, ikinasa uzi hata mmoja kuna mkwaruzo, na mkwaruzo hapo ndo mkono wa mwisho unaoisukuma risasi inapotoka, utaisukuma upande kila mara. Hii mikwaruzo mara nyingi huletwa na mtu anayesafisha kwa kuingiza fimbo kutoka mbele. Halafu chukua noti ya shilingi 50, ipitishe kati ya kasiba na mbao ya mbele, iteleze mpaka karibu na chemba bila kukwama. Ikikwama mbao inagusa kasiba, na huku kwetu mbao inanyonya unyevu mwezi wa tano na kukauka mwezi wa pili, kila msimu itasukuma kasiba kivyake. Triga ivunjike safi kama kijiti kikavu, bila kuburuta, kilo 1 hadi 1 na nusu inatosha kwa anayeanza. Unaweza kupima na mizani ya kuning'inizia mizigo, funga kamba kwenye triga, bunduki tupu, vuta. Na kitako kikukae, ukifunga macho na kuweka shavu usijikute unatafuta.

Majina mtaniuliza. CZ za Cheki nimeziona nyingi na nina imani nazo, Tikka za Finilandi nazo, na Anschütz ya Ujerumani ni ya mtu aliyeshaamua kwamba maisha yake ni shabaha. Lakini bunduki ya kawaida yenye kasiba nzima, iliyofungwa vizuri, ikapata risasi inayoipenda, itamshinda mwenye Anschütz asiyejua kukaza pete. Mwaka wa 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya Wimbledon kwa kupiga risasi ya kwanza, bunduki ya Whitworth imefungwa imara kwenye stendi, yeye akavuta kamba tu ya hariri, na yadi 400 risasi ikaingia karibu kabisa na katikati. Bunduki ya miaka zaidi ya 160 iliyopita! Mafundi walikuwa wameishika isitikisike, basi.

Nimesema risasi inayoipenda, na hili si mzaha. Kila kasiba ina chaguo lake. Nunua boksi moja moja za aina nne tano, zile za mwendo wa kawaida, kama mita 330 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Zile za kasi zinazosifiwa zinatoka juu ya kasi ya sauti halafu zinapungua njiani, na pale zinapovuka zinatikisika. Piga makundi ya risasi 10 kila aina, sio 3. Risasi 3 zikikaa pamoja ni bahati, mtu anapiga picha anatuma kwa marafiki, 10 zikikaa pamoja ndo bunduki imesema. Ukipata iliyokaa vizuri angalia namba ya toleo kwenye boksi na urudi ununue nyingi za namba hiyo hiyo.

Sasa pwani yetu ina mambo yake mawili ambayo mtu wa bara hayajui. La kwanza ni chumvi. Hapa Malindi hata kitasa cha mlango kinaota kutu ukikitazama. Bunduki usiiache kwenye kasha la sponji, sponji inakunywa unyevu na kuukumbatia, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ukitoka uwanjani, vichwa vya skrubu usivisahau. Darubini nayo inaota kuvu kwenye vioo ikifungiwa gizani bila hewa. Na usipanguse kioo na pindo la kanzu jamani, puliza mchanga kwanza, mchanga wa hapa unakwaruza kioo kama msasa.

La pili upepo. Risasi ya .22 ni nyepesi, gramu 2.6, upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaihamisha sentimita 2 na nusu ama zaidi kidogo pale mita 50, na mita 100 ni mara nne yake. Kusi ya mwezi wa saba inazidi hapo. Mimi huchana kanga kuukuu vipande vyembamba nikavifunga kwenye vijiti, kimoja mita 15, kimoja 35, mlenga shabaha avione kwa jicho la pili lililo wazi. Vikilala vyote sawa piga, kimoja kikigeuka ngoja. Asubuhi umande ukiwa bado unavuma kutoka nchi kavu ndo wakati mzuri, ikifika saa nne joto la mchanga linapanda, ndani ya darubini karatasi inacheza kama iko chini ya maji, na mwenye ukuzaji wa 24 ndo anayeteseka zaidi, anaona mawimbi tu. Ndo maana nawaambia 9 ama 12 inatosha kwa mita 50.

Mpwa wangu tulimaliza kazi Ijumaa, skrubu iliyokula nyuzi tukabadilisha. Jumamosi asubuhi tukaenda, risasi 10, bunduki ile ile, darubini ile ile, boksi lile lile la risasi. Nikapima na rula ile ile, milimita 24. Alikaa chini kwenye mchanga akaishika ile karatasi kwa muda bila kusema neno, halafu akapiga simu kwa yule mnunuzi akamwambia haiuzwi.

Ombi langu Mhariri ni mawili. Kwanza wenye klabu za shabaha huku pwani, kila klabu inunue bisibisi moja ya toki na pimamaji moja, ikae kwenye kabati la klabu, kila mwanachama mpya afungiwe darubini mbele ya macho yake na mtu anayejua kabla hajapiga risasi ya kwanza. Si gharama, mkichanga watu 10 hamuisikii. Na kijana asiye na bunduki bado aruhusiwe kupiga na za wenzake chini ya usimamizi hata miezi miwili, ajue bega lake na jicho lake vinataka nini, ndo aende dukani. Pili nanyi gazeti, kurasa zenu za michezo zimejaa mpira na riadha na ni haki yake, lakini shabaha nayo ni mchezo wa Olimpiki tangu 1896, mkituwekea hata safu moja ya matokeo kwa mwezi mzazi wa Malindi ama Lamu akisikia mtoto wake anataka kujiunga hataona bunduki tu, maana huku kwetu ukisema bunduki watu wanafikiria vizuizi vya barabarani na misiba.

Timazi ya baba bado iko kwenye mkilifi. Kusi ikilegea mwezi wa tisa nataka tujaribu mita 100.

Fundi mstaafu wa silaha,
Shela, Malindi